Mwalimu Nzunda Amekubali Mwaliko

Wiki iliyopita nilipigiwa simu nikaambiwa Mwalimu Nzunda amefariki. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu hapa Vwawa, mwiko mkononi, na neno la kwanza kunitoka lilikuwa, "Tena?"  Nyuma ya binti aliyepiga nilisikia wanawake wakilia na mtu akiuliza sufuria kubwa la kanisani limewekwa wapi. Nikaona aibu, nikampa pole, nikauliza mazishi ni lini, kisha nikazima jiko na kukaa kwenye stuli. Mwalimu Nzunda nilishamzika miaka mingi iliyopita, kule Itaka, kwenye shamba lake la kahawa. Nilitupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba akina Nzunda walikuwa wawili, na kwamba huyu wa pili ndiye aliyeniokoa nisifukuzwe kazi kwa aibu, pengine nisilale mahabusu, katika mwaka wangu wa kwanza wa kuajiriwa. Kesho naenda kumzika. Leo nimekaa kuuandika mwaka ule, maana kila nikiusimulia kwa mdomo watu hucheka mahali ambapo mimi bado nashtuka.

Habari za nilikozaliwa na nani alinisomesha naziacha. Hazikunisaidia kitu mwaka ule. Nianze na chumba. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa Tunduma, mpakani na Zambia, upande wa juu wa mji, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi unaona foleni ya malori imelala barabarani hadi kastamu. Kazi yangu ilikuwa kusimamia barua pepe na kalenda za chuo: kumfungulia akaunti anayeajiriwa, kumfungia anayeondoka, na kumsaidia aliyesahau nywila, ambaye mara nyingi alikuwa yuleyule wa wiki iliyopita. Barua hazikukaa tena chuoni. Zilikuwa zimehamishiwa kwenye mitambo ya kampuni ya nje, huko wanakokuita mawinguni, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa kuingia kila akaunti kutoka hapa chini. Mashine ya zamani iliyokuwa ikitunza hizo barua ilizimwa, lakini kiyoyozi chake hakikuzimwa, kwa sababu kilikuwa kwenye bajeti na hakuna aliyetaka kueleza kwa nini bajeti imebaki. Nikapewa chumba hichohicho. Baridi ya Tunduma peke yake inatosha. Mimi nilikuwa na baridi ya Tunduma na ya kiyoyozi, nikafanya kazi mwaka mzima nimevaa sweta mbili na khanga mabegani kama mama aliyetoka kujifungua.

Chumba kile kilitenganishwa na chumba cha chai kwa ukuta wa plaiwudi, na plaiwudi haijui kutunza siri. Nilisikia nani hajalipwa, nani ameoa mara ya pili kimyakimya ng'ambo, Nakonde, nani anamchukia Mkuu wa Chuo na nani anamchukia zaidi. Chai ilikuwa ya rangi, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Wengi wa wale walimu kwao Mbozi walikuwa na mibuni hadi mlangoni, lakini sijawahi kuona kahawa kwenye meza ile. Mama Sinkala, katibu muhtasi wa Mkuu, ndiye aliyenipitishia kikombe changu. Alikuwa Mnamwanga wa hapohapo Tunduma, mnene, mcheshi, anayewasalimia wachuuzi wa Zambia "mulishani" na kuwakemea kwa Kiswahili. Aliniita "mwanangu" tangu siku ya kwanza, na alinifundisha swali la mji ule: mtu akikutajia saa, muulize kwanza, ya huku au ya kule? Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikishika mtandao wa ng'ambo inajirudisha nyuma yenyewe bila kukuaga. Mwezi wa kwanza nilipita ofisi kwa ofisi nikiwazimia walimu huo mpangilio wa simu kujibadilishia saa, maana nusu yao walifika kwenye kikao wakati wenzao wanafunga kwa sala, na kila mmoja akaapa kwamba amewahi.

Mwalimu Yotamu Nzunda hakuhitaji kuapa: hakuwa akienda kwa saa ya simu, wala yake hakunipa niizime mpangilio huo. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu mzima mwenye koti la kahawia la kodrai ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na ndiye aliyenipinga kuliko wote nilipoleta kalenda. "Binti, mimi nimefundisha kabla hujazaliwa bila kukumbushwa na simu," aliniambia, na chumba cha chai kikacheka hadi plaiwudi ikatetemeka. Nikakasirika. Nikamwambia, kwa adabu lakini kwa hasira, kwamba wiki ileile alikuwa amesahau kikao cha idara yake mwenyewe. Akanitazama, akacheka, akakaa kwenye stuli yangu na kusema, "Haya, nionyeshe." Basi nikawa nimewasha moto nisioweza kuuzima. Ndani ya muhula mmoja alikuwa ameweka maisha yake yote humo. Akafungua kalenda yake nami niione, kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu: kupogoa kahawa, dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, mazoezi ya kwaya, siku ya mke wake ya kliniki, mpigie mama. Mambo mengine aliyapanga yajirudie kila mwezi na kila mwaka, mwaka hata mwaka. Tangu hapo jambo moja tu alinigomea. Simu yake haikuwa na nywila wala alama ya kufungulia, na nilipomgombeza alinijibu kwamba mwenye siri ndiye anayefunga mlango.

Alianguka siku ya Jumamosi, shambani kwake, presha. Jumatatu asubuhi nilisikia kupitia ukutani mtu akisema, "Nzunda hayupo tena," nikadhani wanazungumzia kikao. Sikulia siku ile; nilishangaa tu. Tulikwenda Itaka kumzika kwa basi la chuo, na ninachokumbuka zaidi ni masufuria yaliyopangwa kwenye mawe, ugali unaosongwa na wanawake wawili kwa mwiko mmoja mrefu, na nyama tuliyokula kwenye sinia bila hamu kwa sababu kuiacha ni kuwavunjia heshima wafiwa. Baada ya kula, Mkuu wa Chuo aliniita pembeni kati ya mibuni. Yeye na Nzunda walisoma pamoja ujanani, walikula sahani moja; siku ile macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Tusekile," akasema, "akaunti ya Yotamu usiiguse. Kwetu mtu hafutwi matanga hayajaondolewa. Yakiondolewa, mimi mwenyewe nitakuambia uifunge." Nikaitika, "Sawa, Mkuu." Hapakuwa na mtu karibu. Nilimpenda Mkuu siku ile, nasema kweli, kwa sababu taratibu za kazi zilitaka nifunge akaunti ya marehemu mara moja na mimi sikuwa na moyo huo.

Hakuniambia tena. Muhula ukaanza, mwalimu mwingine wa jiografia akaja, na jina la Nzunda likabaki kwenye kundi la kamati ya mitihani kama kiti kilichosahaulika ukumbini. Asubuhi moja wakati wa chai, Mama Sinkala alituma mwaliko wa kikao cha kamati hiyo kwa kundi zima, kama alivyozoea: kubonyeza mara moja, kila mjumbe anapata, kila mmoja anajibu kama atakuja au hatakuja. Nilikuwa nimeshika muhogo. Nikasikia ukelele upande wa pili wa ukuta, halafu kikombe kikianguka, halafu mlango wangu ukafunguliwa na Mama Sinkala akasimama pale bila kiatu kimoja. "Mwanangu, njoo," akasema. "Njoo uone. Mimi sisemi." Nikamfuata hadi mezani kwake. Kwenye kioo, chini ya mwaliko, majina ya waliojibu yalikuwa yamejipanga, na katikati yake limeandikwa: Yotamu Nzunda, amekubali.

Nimewahi kuulizwa nilihisi nini. Nilihisi nywele za mikono zinasimama ndani ya sweta mbili. Mama Sinkala alikuwa akisema "Yesu wangu, Yesu wangu" taratibu, kama anayehesabu. Walimu walikuwa wameshajaa mlangoni, mmoja akisema ni mtandao tu, mwingine akisema yeye alijua, kile kifo hakikuwa cha kawaida. Nikarudi kwenye mashine yangu kuangalia. Jibu lilikuwa limetoka kwenye simu, dakika chache tu baada ya mwaliko kutumwa, na ndani ya akaunti ile barua kadhaa zilikuwa zimefunguliwa wiki za karibuni. Nikapiga namba ya marehemu. Haikupatikana. Nikashukuru Mungu haikupatikana, kwa sababu sijui ningesema nini kama ingepokelewa.

Mkuu alipoingia chumbani kwangu hakuuliza kimetokea nini. Aliuliza, "Nani mwingine ana uwezo wa kuingia akaunti ya Nzunda?" Nikamjibu kwamba kwa upande wa chuo ni mimi peke yangu, ila jibu limetoka kwenye simu, hivyo tuipigie familia tuulize simu ya marehemu iko kwa nani. Akanikata. "Unataka mimi niwapigie watu waliofiwa, niwaulize kama marehemu amejibu barua pepe? Una akili kweli?" Halafu akaendelea, kwa sauti ambayo chumba cha chai kizima kiliisikia, kwamba ndani ya akaunti ile kulikuwa na rasimu za mitihani, kwamba mitihani ina wanunuzi, na kwamba akaunti ya mtu aliyefariki ilipaswa kufungwa siku ileile. Nikamkumbusha. Nilimkumbusha kwa upole, nikidhani amesahau tu. "Mkuu, si uliniambia mwenyewe kule msibani nisiiguse hadi matanga yaondolewe?" Akanitazama machoni. "Mimi? Nikuambie uvunje utaratibu? Lini?"

Marehemu kukubali mwaliko kulinitisha, lakini mtu mzima, mwenye mvi, anayesali safu ya mbele, kunikana uso kwa uso kulinitoa pumzi. Nimeishi nikaona mengi tangu hapo, hata viongozi wakubwa wakikana mbele ya kamera, na sishtuki. Lakini siku ile nilikuwa binti wa kazi ya kwanza, na nilikuwa bado naamini kwamba neno la mkubwa linakaa mahali fulani, limetunzwa, ukilihitaji unalikuta. Sasa najua aliogopa. Bodi ya chuo ilikuwa imeshamwonya juu ya mitihani kuvuja, na kukubali kwamba aliacha akaunti wazi kwa ajili ya huzuni ya rafiki yake kungemmaliza. Kumwelewa namwelewa. Kusamehe nilisamehe baadaye kidogo. Akachukua kompyuta yangu ya kazi, akaifunga na kuondoka nayo kwapani, akaniambia nisubiri kikao chenyewe. Kamati itaamua kama nafukuzwa na kukabidhiwa polisi.

Nikabaki kwenye kile chumba bila kazi ya kufanya, kiyoyozi kinanguruma, nasikiliza ukuta. "Mwenye funguo za nyumba zote ndiye wa kwanza kuulizwa," sauti moja ilisema, na sikuweza kuilaumu, hata mimi ningesema hivyo. Mwingine akasema mimi mpole mno, watu wapole ndio wabaya. Mwingine akauliza kama kweli nimeuza mtihani, basi mbona viatu vyangu ni vilevile, wakacheka. Mama Sinkala peke yake ndiye aliyewaambia, "Nyinyi, mtoto anasikia." Aliniletea makande kwenye kopo la siagi kila mchana, akasimama mlangoni hadi nione haya na kula. Aliniamini, lakini hata yeye alinywea kila simu yake ilipolia, na alikuwa amefunga leso nyeupe kichwani wiki nzima, akisema ni kwa ajili ya upepo.

Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi, ukumbi mdogo. Nakumbuka meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, chupa za chai, maandazi yaliyofunikwa kwa taulo, na saa ya ukutani ambayo kila mtu aliitazama akijifanya haangalii. Kompyuta yangu ilikuwa mbele ya Mkuu kama kielelezo cha mahakama. Ilipofika saa tatu kamili mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyekwenda kuufunga. Tulikaa. Mwalimu mmoja akakohoa, mwingine akasema, "Basi hakuja," wakacheka kicheko kidogo kisicho na furaha, ndipo Mkuu akaagiza mlango ufungwe na sala isomwe. Mama Sinkala akasoma mahudhurio. Jina la Nzunda akaliruka. Kisha wakashughulika na mimi. Waliniuliza yaleyale kwa maneno tofauti: kwa nini sikufunga, nani aliniambia, nani anashuhudia. Nikasema mbele yao wote kwamba Mkuu aliniagiza. Mkuu akapekua karatasi zake na kusema hana kumbukumbu ya mazungumzo hayo. Nikamwomba aniangalie aseme tena, na sauti yangu ikapanda kuliko inavyostahili msichana kuwapandishia wazee, wawili wakaguna. Ikatolewa hoja nisimamishwe na suala liende polisi. Mkuu akauliza nani anaunga mkono. Niliona mikono ikianza kuinuka mezani, na nilimfikiria mama yangu atakavyoisikia habari hii kwa watu kanisani.

Mlango ukabishwa. "Hodi humu," sauti ikasema, na mlango ukafunguliwa kabla ya karibu.

Aliingia mtu mwenye koti la kahawia la kodrai. Kimo kilekile, mabega yaleyale, kichwa kimeinama kidogo upande. Mwalimu aliyekuwa karibu na dirisha alisimama kwa nguvu hadi kiti chake kikaanguka, akabaki ameshika pazia. Mama Sinkala alisema kitu kwa Kinamwanga ambacho hadi leo amekataa kunitafsiria.  Mtu yule alivua kofia, akatutazama mmoja mmoja, na sura yake ikaanza kujitenga na ile tuliyoijua: mwembamba zaidi, kijana kidogo, mikono ya mkulima. "Shikamooni," akasema. Hakuna aliyeitikia. Akatoa simu mfukoni, akaiangalia, akatabasamu kwa haya. "Nimewahi kidogo. Saa tatu bado."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne. Nikaelewa hilo kabla ya mengine yote, maana ilikuwa ndiyo kazi yangu: simu yake ilikuwa imeshika mtandao wa ng'ambo.

"Wewe ni nani?" Mkuu aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo.

"Nzunda."

"Nzunda yupi?"

"Huyuhuyu mliyemwita, Mkuu." Akasogea mezani. "Mimi nilizaliwa Amoni, mdogo wake, tumbo moja. Lakini tulipoondoa matanga, wazee walinikalisha kwenye kiti chake, wakanivisha koti lake, wakaniita jina lake, hata hilo la Mwalimu. Watoto wake wananiita baba. Simu nayo nikapewa, nikatoa laini yake nikaweka yangu. Kwa hiyo Nzunda hajaisha. Nzunda ni mimi."

Huyu ndiye ninayekwenda kumzika kesho. Alipokuwa akizungumza, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kwa mwendo wa Kinyiha, mikono iliyoinuliwa dhidi yangu ilikuwa inashuka kimyakimya. Alieleza kwamba simu ilikuwa na kawaida ya kumwambia la kufanya, naye akaona ndivyo kaka yake alivyotaka. "Ikisema piga dawa ya chulebuni, napiga. Ikisema mpigie mama, mama ninakaa naye nyumba moja, basi nainuka tu naenda kumsalimu. Nyingine zina Kiingereza, nafungua naangalia, nafunga. Sasa juzi ikasema kuna kikao, inauliza utakuja au hutakuja. Wazee wanasema kataa neno, usikatae wito. Nikabonyeza nitakuja." Alikuwa ametoka Itaka alfajiri, akashuka Tunduma mapema, akaketi kwa mama lishe karibu na kastamu kunywa uji. Saa tatu ya kikao alikuwa ameisoma nyumbani na kuikariri. "Simu ililia kunikumbusha nikiwa palepale kwenye uji, nikaona ina haraka, maana saa yake yenyewe ilisema bado."

Nilianza kucheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, na nilikiziba kwa khanga, machozi yananitoka. Hakuna aliyecheka nami. Mkuu alikuwa amemkazia macho mtu yule, lile koti hasa, na kwa mara ya kwanza tangu msibani nilimwona jinsi alivyokuwa kati ya mibuni.

"Matanga mmeshaondoa?" akauliza.

"Tuliondoa zamani, Mkuu. Ulitumiwa salamu."

Mkuu akanigeukia, haraka, kama mtu anayetaka jambo liishe. "Umesikia, Tusekile? Basi ifunge hiyo akaunti. Si nilikuambia kulekule msibani, matanga yakiondolewa ndipo uifunge?"

 Kalamu ya Mama Sinkala ilisimama juu ya karatasi. Niliona neno lake linamfikia mwenyewe, likapita usoni, likatua. Angeweza kulikana tena. Watu wamekana makubwa kuliko hilo. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaisukuma kompyuta yangu mezani hadi mikononi mwangu. "Nilimwambia mimi," akasema, akiitazama meza. "Hoja hiyo iondolewe." Hakuomba radhi. Nilingoja aombe, na nina hasira kidogo hadi leo kwamba hakuomba, lakini nilijua pia kwamba kwa mtu wa namna yake lile lilikuwa tendo kubwa.

Nikafungua kompyuta. Kabla ya kufunga ilinibidi nimweleze yule Nzunda maana ya kufunga, kwa hiyo nikamwita akae karibu nami. Nikamwambia barua zile ni za chuo, nikifunga zinaondoka kwenye simu, na kalenda inaondoka nazo. Akaiangalia simu, akaniangalia mimi. "Na dawa ya chulebuni nitakumbushwa na nani? Mwanangu, sisi kule tumeshaanza kumzoea." Nikamuuliza Mkuu kama naweza kumpa yale ya nyumbani. Akatikisa kichwa kukubali bila kuinua uso. Nikamfungulia sanduku lake mwenyewe la barua, huko kwenye huduma ya bure, nikanakili humo kahawa na kwaya na kliniki na mama, nikaacha vikao na mitihani. Aliponipa jina la kuandika, alinipa Yotamu Nzunda. Niliandika. Wajumbe wakati huo walikuwa wanakula maandazi kwa ukimya wa watu waliotoka kwenye ajali.

Nilipomaliza, mashine ikaniuliza kama nina uhakika wa kuifuta akaunti ya Yotamu Nzunda, moja kwa moja. Huwa inauliza. Nilikuwa nimeshajibu swali hilo mara nyingi kwa watu walioacha kazi, bila kufikiri. Siku ile hasira zilinipanda upya. Niliinuka na kompyuta, nikaizunguka meza, nikaiweka mbele ya Mkuu. "Aliyesema ningoje ndiye aseme sasa," nikamwambia.  Mkuu akasoma jina kwenye kioo. Akaweka kidole juu ya kitufe. Kidole hakikushuka. Tulimtazama wote, mzee yule mkali, mdomo umekaza, macho yamejaa, na hakuna aliyeweza kumsaidia.

"Ni kitu gani hicho?" Nzunda akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Ni kumwondoa, baba," nikasema.

"Kumwondoa ni kazi ya mrithi." Akaja, taratibu, akausogeza mkono wa Mkuu kando kwa heshima, kama unavyomwondolea mgonjwa sahani, akabonyeza. Jina likatoka kwenye orodha, na majina ya chini yake yakapanda kujaza nafasi. Nililia pale, kwa sauti, kilio nilichokuwa nimekosa Itaka, na Mkuu naye alikuwa analia, bila leso.

Nzunda alirudi kwenye kiti akakaa, kofia magotini. Tulidhani ameaga. Akamiminiwa chai, akaipokea, akauliza kama kikao kimekwisha, maana yeye alikubali kuja kikaoni na si kuonekana tu. Mama Sinkala akamgeukia Mkuu. "Kwenye mahudhurio niandike nini?"

Mkuu alivaa miwani yake. "Andika Nzunda yupo," akasema. Halafu, bado akiwa hajaniangalia: "Na Tusekile. Yupo kazini."